Umri wa Serikalini

Mwezi uliopita tulimzika Bi Thuraya. Matangani nilikaa juu ya zulia, mgongo ukutani, nikiwasikiliza wanawake wakifarijiana. "Alhamdulillahi, kala chumvi nyingi," akasema mmoja. "Thamanini na ushei, si haba." Mwengine akaitikia kwamba umri kama huo siku hizi hapewi kila mtu, na wa tatu akasema mwenye umri huo haliliwi, anaombewa dua tu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahwa, nikakiweka chini kwa hasira. Thamanini na ushei! Bi Thuraya hata sabini na tano hakuzifika. Nilitaka kusimama niwaambie, lakini msibani si pahala pa kubishana juu ya umri wa maiti, na nduguze wawili walikuwa upande wa wanaume. Kama ni kusema, wenye haki ya kusema ni wao. Nilirudi nyumbani nimevimba, nikamwambia mume wangu sili chakula, nikakaa sebuleni nikalia. Niliyekuwa nikimlilia ni Bi Thuraya wa mwaka wa tisini na nane, ambaye wakati ule alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nimetoka chuoni na cheti kipya na kiburi kipya, nikapangwa kwenye idara ya wafanyakazi ya taasisi moja ya serikali hapa Maskati. Jina lake litabaki kwangu. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya pili, dirisha linaangalia maegesho ya magari na nyuma yake milima ile isiyo na hata jani. Kiyoyozi kilikuwa kikivuja maji kwenye ndoo ya plastiki, na ukuta mzima ulijaa makabati ya chuma yenye mafaili. Mwenye makabati hayo alikuwa Bi Thuraya. Mrefu, mifupa mipana, sauti nzito, buibui lake lina harufu ya udi tangu asubuhi. Ukitaka faili la mtu humwambii namba, unamwambia jina la babake, naye anainuka, anafungua kabati, anakutolea. Saa tatu alikuwa akifunga mlango na kutandika gazeti juu ya meza: mkate wa ufuta, mbaazi za nazi, chapati alizosukuma mwenyewe alfajiri, chupa ya chai ya maziwa. "Kula, Nasra," alikuwa akiniambia, "una shingo kama ya korongo, nani atakuoa?" Nilikuwa nikinuna, lakini nikila. Nyumbani kwake Azaiba alikuwa akiishi peke yake. Nduguze, aliowalea yeye, walikuwa wameshaoa na kuhamia majumba yao. Hakuwahi kuolewa. Mara nyingi alisema bila ya haya yoyote, "Miye watu wangu ni nyinyi hapa. Siku ya Alkhamisi na Ijumaa nakaa nazihisabu saa mpaka Jumamosi ifike."

Kwenye kifungua kinywa hicho ndiko nilikosikia habari ya umri wake. Ilikuwa mzaha wa chumba kizima. "Miye nna umri mara mbili," alikuwa akisema, akimega mkate. "Upo wa nyumbani na upo wa serikalini. Wa nyumbani nimezaliwa mwaka wa hamsini, wa serikalini nshazeeka nasubiri sanda." Yeye na watu wake walipotoka Unguja baada ya mapinduzi na mwishowe kufika Maskati, mwanzoni mwa miaka ya sabini, hawakuwa na karatasi hata moja. Mama yao kafariki, baba mgonjwa wa kifua, wavulana wawili bado wadogo. Kazi iliyopatikana ilikuwa ya usimamizi wa bweni la wasichana, na walimtaka mwanamke mtu mzima, aliyepita thalathini. Thuraya alikuwa na ishirini na moja. Akavishwa nguo za marehemu mama yake, akafungwa mtandio wa kizee, akapelekwa. Babake akasema ana miaka thalathini na tatu, wakamwandika hivyo kwenye karatasi ya serikali, nayo ikamfuata mpaka idara yetu. "Wallahi waliniita mama siku ileile," alikuwa akisema, na chumba kizima kinacheka. Nami nilicheka. Mara moja tu, mzaha huo ulipokwisha, nilimsikia akimwambia mwanamke wa chumba cha jirani kwa sauti ya chini kwamba palikuwa na mtu aliyekuja kumposa, watu wake wakaiona ile karatasi, wakasema hawamwozi kijana wao bibi kizee. Kisha akafunika chupa ya chai na kuniuliza kama nimeshiba.

Mfumo mpya ulikuja baada ya Idi. Kabla yake palikuwa na kompyuta moja tu, kioo cheusi na herufi za kijani, na aliyejua kuisemesha alikuwa mhandisi wa Kihindi wa ghorofa ya chini. Ukitaka jambo unamwandikia ombi, unasubiri wiki. Sasa tukaletewa programu ya madirisha na rangi, na pamoja nayo akaja Mwende, Mkamba kutoka Kenya, ameajiriwa na kampuni iliyouza ule mfumo. Alikuwa na msalaba mdogo shingoni, suruali ya kazi, na Kiswahili kilichomfanya Bi Thuraya ashike kichwa. "Hii kitu ni rahisi, mama," alisema siku ya kwanza. "Hauandiki chochote. Unaona tu, unachagua, yalla, khalas." Bi Thuraya akanigeukia: "Kiswahili hichi kaokota wapi?" Mwende akacheka mpaka akakaa chini. "Aki mama, mtanifunza, na mimi nitawafunza." Na ndivyo ilivyokuwa. Kufika mwezi wa pili Mwende alikuwa akileta chai yake mwenyewe saa tatu na kuitwa mwanangu.

Na kweli ilikuwa rahisi, nami niliipenda upesi. Taarifa zote za wafanyakazi zilikaa kwenye majedwali. Ukitaka kuuliza, unafungua dirisha tupu, unaburuta jedwali la wafanyakazi, unaburuta la idara, yanakaa pale kama visanduku viwili, na mstari unajichora baina yao kwenye namba ya mtumishi. Unatia alama kwenye unachotaka kukiona: jina, idara, tarehe ya kuzaliwa. Chini yake unaandika sharti lako. Juu kuna kitufe chenye alama nyekundu ya mshangao. Ukikibonyeza, majibu yanashuka mistari mistari. Ukiridhika, unayatoa nje yawe jedwali la kawaida, unalichapisha au unalitia kwenye diski. Kazi ya wiki ikawa ya kumaliza chai. Bi Thuraya alikuwa akitutazama kwa mbali. Kipanya hakukigusa. "Mafaili yangu hayahitaji umeme," alisema. Mpaka siku moja mudir wetu, mkuu wa idara, alipopita, akamwona amekunja mikono, akamwambia kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio uliochoma: "Usijisumbue, mama. Hii ni kazi ya wasichana." Mlango ulipofungwa alivuta kiti kando ya Mwende. "Nipishe," akasema. "Nionyeshe hicho kidudu kinashikwaje."

Sijapata kuona mtu akijifunza kwa ghadhabu namna ile. Siku za mwanzo mshale ulimkimbia, akiukimbiza mpaka ukingo wa meza, na kipanya kikaanguka, akakitukana. Alikuwa akiburuta jedwali likamponyoka njiani. Mwende alimshika mkono juu ya mkono, "Pole pole mama, usiachilie bado, bado, sasa wachilia." Siku alizoufuta bila kujua ule mstari wa kuunganisha majedwali mawili, mfumo ulimletea kila mtumishi kwenye kila idara, mistari haina mwisho, naye akapiga kelele, "Hee! Wameoana wote hawa?" Lakini alikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: alikuwa akiwajua watu. Jibu likitoka na mtu hayumo, anajua hayumo. Baada ya miezi mitatu hivi alikuwa akiuliza na kuyatoa majibu nje peke yake, miwani puani, akiimba kwa sauti ndogo. Alimpigia simu mkubwa wa nduguze wawili ofisini kwake kumwambia tu kwamba amechapisha. Alikuwa na furaha. Naisema hivi kwa sababu leo nikimkumbuka, hiyo ndiyo sura inayonijia kabla ya zote, na ndiyo inayonitia uchungu.

Mwende alipokaribia kumaliza mkataba wake, mudir akaja na wageni wawili kutoka makao makuu kuuona mfumo. Alitaka lile jambo alilokuwa akilihitaji kweli: wafanyakazi watakaokuwa wametimiza umri wa kustaafu, miaka sitini, kabla ya mwaka kwisha, ili barua zao zitayarishwe. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mzee mmoja kwa macho yake tu. Aliyemwona anatembea kwa bakora ndiye aliyepelekewa barua, na wengine walikaa makazini miaka wamepitiliza. Mimi nilikwishanyoosha mkono kwenye kipanya. Bi Thuraya akasema, "Hapana, Nasra, leo mimi." Akakaa. Akaburuta la kwanza, akaburuta la pili, mstari ukajichora. Akatia alama zake tatu. Akaandika sharti chini ya tarehe, kidole kimoja kimoja, na wageni wakasogea. Akabonyeza ile alama nyekundu. Majibu yakashuka. Mudir akasema, "Mashallah, mama, mashallah!" Mwende akatazama safu ya tarehe akaniuliza kwa kunong'ona, "Kwani hapa watu wote walizaliwa siku ya mwaka mpya?" maana kila asiyejulikana siku yake aliandikwa tarehe mosi Januari, na wa namna hiyo ndio wengi. Bi Thuraya hakusikia. Alikuwa ameanza kusoma majina kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio, kila jina na idara yake, kidole kinafuata mstari juu ya kioo. Nililiona kabla yake, mistari miwili chini. Nikasema, "Bi Thuraya, basi, wameshaona." Akanipuuza. Akasoma la juu yake. Kisha akalisoma lake: Thuraya binti fulani bin fulani, idara ya wafanyakazi, mosi Januari, mwaka wa thalathini na nane. Alilisoma lote mpaka mwisho, sauti ileile. Kidole kikabaki pale.

Watu huniuliza, hakujua? Alikuwa akilifanyia mzaha kila siku. Ndiyo, alijua, lakini mwaka ule wa serikalini hakuwahi kuuishi hata siku moja, na kitu usichokiishi huhisabu kinakufikisha wapi. Alikuwa na miaka arubaini na nane na nguvu za kubeba mafaili mikono miwili. Wageni walipoondoka nilimwambia mbele ya Mwende kwamba si kitu, nitaongeza sharti jengine, jina lake lisitoke, nani atajua. Akaniangalia kwa hasira ya kweli. "Usinifanye mwizi kwenye meza yangu," akasema. Na hata hivyo mudir alikwishayaona. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita, akamwambia ipo lajna, kamati ya madaktari ya kukadiria umri. Apeleke ombi, aje na mashahidi wawili wanaojua alizaliwa lini, watamrekebishia. Yeye mwenyewe atatia sahihi. Mwende alipiga makofi, "Si hiyo ndio hiyo! Kesho tunaenda." Bi Thuraya akasema atafikiri.

Siku zikapita, fomu iko mezani kwake, haijaguswa. Ijumaa moja akatualika Azaiba chakula cha mchana, mimi na Mwende, na Khalfan, mkubwa wa wale nduguze wawili, naye alikuwepo. Alipika biriani ya kuku, na samaki wa kupaka kwa ajili ya Mwende, ambaye alikuwa ameapa kwao hakuna samaki kama hao. Hakuna aliyelitaja jambo lenyewe. Tulikula, tukanawa, na Bi Thuraya akaingia jikoni kutia kahwa, Khalfan akamfuata. Jiko na sebule vilitenganishwa na pazia tu. "Dada," tulimsikia akisema, "mimi nitakuja kusema. Nakumbuka yote. Nilikuwa nimesimama pale." Maji yakimiminwa. "Ulisimama pale," akasema Bi Thuraya, "basi ulimwona baba alishika nini mkononi." Tulisikia birika likiwekwa chini. "Alishika msahafu, Khalfan. Mtu aliyekuwa hasemi uongo hata kwa mzaha. Alikohoa, akaulizwa una yakini, akala yamini juu ya msahafu kwamba mwanangu huyu ana thalathini na tatu. Aliila kwa ajili ya matumbo yenu. Usiku ule hakulala, alikaa akilia, na mwezi haukwisha akafa. Leo mie niende mbele ya serikali, nilete mashahidi wawili, waandike na wapige muhuri kwamba babangu aliapa uongo? Nimlaze vipi kaburini?" Khalfan akasema Mungu anajua nia. "Mungu anajua," akasema, "sasa ya nini kuwajulisha na madaktari?" Mwende alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka kwenye sahani. Bi Thuraya akatoka na birika, akatumiminia mmoja mmoja, akamwambia Mwende, "Kwani samaki alikuwa na pilipili?"

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia marehemu babake, nilimkasirikia yeye, niliukasirikia mfumo kwa sababu hautetereki. Nilikwenda kwake mara mbili zaidi kubishana. Mara ya pili nilipandisha sauti, nikamwambia maiti hahitaji kazi, wewe unaihitaji, hapa ndipo penye watu wako, utakaa na nani? Akanisikiliza mpaka nilipokwisha. "Nna khofu, Nasra," akasema. "Usidhani sina. Nna khofu mpaka usingizi sipati. Lakini mzee wangu kanibebea dhambi moja, na mie nimbebee hii." Mwende aliondoka kabla ya Bi Thuraya, kampuni ilimhamishia Dubai, wakaagana kwenye ngazi wakikumbatiana, Mwende akilia waziwazi na Bi Thuraya akimpiga mgongo na kumwagiza avae nguo ndefu huko. Mwisho wa mwaka barua ikaja. Walimfanyia karamu ndogo, mudir akahutubia, akamwita mama yetu sote, akasema apumzike sasa, ameitumikia nchi mpaka uzeeni. Alikaa wima kwenye kiti cha mbele, mtandio wake mpya, akishukuru. Nilitoka nje kabla ya keki kukatwa.

Alikuja tena ofisini mara moja tu, miezi kadhaa baadaye. Alisema amepita kuchukua karatasi fulani, lakini mkononi alikuwa na chapati zimefungwa kwenye kitambaa, na saa ilikuwa tatu kasoro. Alikuwa amekonda. Makabati yalikuwa yameanza kutolewa, na kwenye meza yake palikaa kijana asiyemjua, ambaye aliinuka kwa adabu akampa kiti na kwenda zake kunywa chai. Tulikula kidogo. Aliniuliza nani kazaa, nani kahamishwa. Nilimuuliza siku zake anazipitishaje, akasema anamwagia mti maji, anasikiliza redio, anamwagia tena. Kisha akaitazama kompyuta. "Naweza?" Nikamfungulia, nikamsogezea kipanya. Nilifikiri mkono utakuwa umesahau, wapi! Aliburuta jedwali moja tu, akatia alama kwenye jina na tarehe, na chini ya tarehe akaweka sharti: waliozaliwa mwaka wa hamsini. Akabonyeza. Wakashuka watu kama kumi na tano, wote bado wamo kazini. Akaanza kusoma, polepole, safari hii kwa sauti ya chini, na kila mmoja akisema neno juu yake: huyu mkorofi, huyu mkewe rafiki yangu, huyu anapaka hina kichwani anajidanganya. Akafika kwa mudir. Alicheka kweli, mara ya kwanza asubuhi ile. "Rika langu," akasema. "Na akiniita mama."

Kicheko kikakatika. Akaniambia niyatoe nje yale majibu, nikayatoa. Yakafunguka kwenye jedwali jeupe, majina yamepangika, chini yake mistari mitupu. Nikainuka nikidhani anataka kuchapisha, nikaiwasha mashine. Nilipogeuka alikuwa ameuweka mshale kwenye mstari wa kwanza mtupu na anaandika. Kidole kimoja kimoja. Jina lake, la babake, la babuye. Katika safu ya pili, mwaka wa hamsini. Si mosi Januari. Aliandika siku na mwezi, ambavyo sikuwahi kumsikia akivitaja, na ambavyo nadhani alivijua kwa mama yake. Akakaa nyuma, mikono mapajani, akajiangalia yumo na wenzake. Nilisimama nyuma ya kiti nimemshika mabega, na sote wawili tukatazama mstari ule. Kisha akaupeleka mshale pembeni juu, kufunga. Kompyuta ikamuuliza kama anataka kuhifadhi mabadiliko. Akalisoma swali mpaka mwisho, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akabonyeza La.